Sehemu ya Mama Mkwe

Nyumbani kwa Teodora, pale Mahongole, kitu chochote kizuri kilipita kwanza mikononi mwake, iwe chumvi au shuka jipya. Kwa hiyo mwaka 1952, mke wa Odilo, mwanawe wa pekee, aliporudi kutoka zahanati ya misheni na vidonge vya manjano vya kuongeza damu, alimkabidhi vyote. Huyo mkwe aliitwa Idda. Alikuwa mjamzito, na hakuweza kupanda kilima bila kuketi njiani.

"Sista amesema kimoja kila siku, Mama."

Teodora naye alikuwa amepauka, ulimi unamuuma, jembe limemshinda. Alimpa Idda kimoja, mwenyewe akameza vitatu.

"Kimoja ni cha mtoto," alisema. "Mimi ni mtu mzima."

Na vilifanya kazi, tena sana. Idda alinawiri. Teodora alirudi shambani na kuanza upya kugombana na majirani, na Idda alifurahi mno kumsikia. Nani asingefurahi? Vidonge vilipokwisha alikwenda kuomba vingine, akasema vya kwanza vimelowa.

Kisha miguu ya mama mkwe ikaanza kufa ganzi. Akailaumu baridi ya Juni. Asubuhi moja Idda alinusa kitu kinaungua jikoni, akamkuta anamenya viazi na kusimulia habari za sokoni, kisigino chake kimelalia kaa la moto. Idda aliuvuta ule mguu huku akilia.

Odilo aliomba nafasi kwenye lori la magome ya miwati, miti ya kutengenezea dawa ya ngozi, akawapeleka hospitali ya Njombe. Daktari hakufoka. Kimoja kwa siku, alisema, ndicho hasa kilichomfaa Idda. Lakini Teodora alikuwa na maradhi mengine, yanayotaka sindano za dawa iliyokamuliwa kwenye maini ya ng'ombe. Vidonge vile vingi vilimrudishia damu, watu wakadhani amepona, kumbe maradhi yanaendelea kula mishipa ya fahamu.

"Nani alimpa?" daktari aliuliza.

Idda alifungua mdomo, Teodora akamtangulia.

"Nilichukua mwenyewe. Huyu alikuwa ananiheshimu tu."

Sindano ziliyazuia maradhi, ila nyayo hazikupona. Mtoto alizaliwa na kilio cha nguvu. Kwa desturi ya nyumba ile, bibi ndiye humbeba mjukuu mara ya kwanza kumshusha mtoni. Teodora alijifunga mbeleko, akasimama mlangoni akiutazama mteremko ambao miguu yake isingeusikia. Akaifungua, akampa Idda.

"Mbebe wewe, mwanangu. Mimi nitawasindikiza kwa macho."