Boliti Mbili Mfukoni

Breki ya winchi ya umeme si kama ya baiskeli. Ya baiskeli unaibana ndipo ishike. Ya winchi hushika yenyewe kwa springi, na umeme ukija ndio huiachia. Umeme ukikatika inabana palepale, mzigo unabaki juu. Nimewaeleza mafundi wengi jambo hilo, tena kwa majivuno, na kila nikilieleza uso unaniwaka.

Tulikuwa wawili kwenye kiwanda kimoja cha unga Mbarara, mimi na jirani yangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mtu mzima mwenye watoto wanne, wa Kivu ya Kusini kama mimi. Kazi ya umeme nilimfundisha mimi. Siku moja winchi ya kupandisha magunia ilikuwa inanuka kuungua. Yeye alibadilisha waya, mimi nikashughulikia breki. Ili kuifungua unakaza boliti mbili zinazozuia springi zisibane, ukimaliza unazitoa. Nilisafisha vumbi la unga, nikapima nafasi kati ya sahani na sumaku, nikafunika. Boliti sikuzitoa. Nilikuwa nawahi chai.

Gunia la kwanza lilipofika juu, mwendeshaji alizima. Breki haikushika, gunia likashuka lote. Mama aliyekuwa akifunga magunia chini aliruka, lakini lilimpata mguu, ukavunjika.

Wengine walipokuwa wanambeba, nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko, nikatoa boliti na kuzitia mfukoni. Bosi alipouliza, "Sebo, bwana, nani aliharibu hii breki?" nilisema nadhani ni waya. Nilisema "nadhani," kana kwamba neno hilo lingenisafisha. Jirani yangu hakubisha. Alifukuzwa siku hiyohiyo, na kabla ya kurudi nyumbani alipitia hospitali kumwomba yule mama msamaha. Mimi sikwenda.

Alirudi Nakivale kulima mahindi. Hata redio iliyokufa hakukubali tena kuigusa. Kisha mwaka huu aliitiwa kazi ya winchi kule Kabingo, na Jumapili baada ya ibada akaja kwangu na karatasi. Alikuwa ameichora breki yote, waya kwa waya, na hakukuwa na kosa hata moja.

"Mukubwa," akasema, "waya ikikatika, breki si inashika? Sasa ile gunia ilianguka namna gani? Unionyeshe fasi nilikosaka. Siwezi kwenda kuumiza mutu mwingine."

Alikuwa amebakiza hatua moja tu aufikie ukweli, na aliamini mimi ndiye nitakayemvusha. Boliti zilikuwa nyuma yake, kwenye kopo la misumari. Niliona aibu. Nikasema, "Umeme iko na mambo mingi. Haiko kazi ya kila mutu."

Aliikunja karatasi yake polepole.

"Basi uende weye, mukubwa. Miye nitabaki na mahindi. Nitabaambia weye njo mwalimu wangu."

Nilienda. Kazi ya Kabingo ninayo mpaka leo, na walinipokea vizuri sana kwa sababu ya maneno yake.