Sombe Bila Samaki

Randi 312. Hiyo ndiyo bei ya sufuria tatu za sombe zilizonishinda wiki hii: majani ya muhogo yaliyogandishwa, mawese, na teksi ya Isipingo kwenda na kurudi. Nimehesabu mara mbili, nikitumaini itapungua.

Chanzo ni simu ya mama mmoja wa Kihindi, mwanafunzi wa zamani wa Guruji. "Binti yangu, Jumapili tunamkumbuka mwalimu. Sombe yetu iko?" Sombe yetu! Wamekuwa wenye sombe kuliko sisi Wakongomani.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, tukipakana ukuta na ukumbi wa sala wa Wahindu. Kila Jumapili palinukia udi na bizari, kinanda cha mkono kikilia. Kisha Guruji, mzee mwembamba aliyewafundisha dini, alifungua mlango wa barabarani akalisha yeyote apitaye: wali na dengu, tumeketi mkekani kwa safu. Hakuulizwa mtu dini wala makaratasi. Yeye alikula wa mwisho. Alisema mwalimu wake alimwachia kazi moja tu: njaa ikibisha hodi, usiiulize jina.

Mama yangu alisusa. Mtu aliyeweza kupunguza bei ya kitunguu kimoja, kwa kitu cha bure hakujua aanzie wapi. "Bure haiko," alituonya. "Kila kitu iko na bei yake. Huyu baba atatudai siku moja." Mimi nilikwenda kwa siri Jumapili kumi na moja, mpaka aliponusa bizari vidoleni mwangu. Badala ya kunichapa, alipika. Deni lilipwe, liishe.

Akaingia ukumbini na sufuria kichwani, mimi mkalimani. Guruji akafunua, akauliza kuna nini ndani.

"Mwambie nimetia ndagala mingi," mama akasema kwa fahari, "juu yeye iko mtu mukubwa."

Samaki! Katika ukumbi ambao hata yai halikuvuka kizingiti. Eish. Nilitamani Kiingereza changu kiishe palepale. Nikasema. Moyoni nikauaga wali wangu wa Jumapili.

Guruji akaifunika sufuria taratibu, kwa mikono miwili. "Mwambie mama, hii irudi nyumbani mkaile. Jumapili ijayo aje apike hapa, kwenye sufuria yetu, bila samaki. Watu wangu wamechoka na dengu."

"Bila samaki?" mama akaguna. "Vraiment, anataka kuniaibisha."

Lakini alikwenda. Watu wakaomba tena, na mama alihesabu sahani zote. Tangu hapo alipika kila mwaka; baada ya Guruji kufariki, ikawa Jumapili ya kumkumbuka.

Guruji hayupo. Mama tulimzika Machi. Duka la vitambaa limevunjwa. Mlango ule bado unafunguliwa: juzi nilihesabu walaji themanini na mmoja, nikarudia, themanini na wawili. Nilikuwa nimejisahau.

Shida ni kwamba kilichoshika nafasi ya ndagala mama hakunionyesha. Kila alipokitia alinituma maji. Nimejaribu karanga, imepwaya. Uyoga, siyo. Mbilingani ya kuchoma jirani aliimaliza, lakini jirani hula chochote.

Basi wewe unayejua sombe, niambie kabla ya Jumapili: mama alitia nini? Malipo haiko. Sahani iko.