Ubwato wa Kukamulia Ndizi

Mume wangu aliileta mashua Kasulu juu ya lori, mjini ambako hakuna maji ya kuelea hata bata. Mimi ni mtu wa Dodoma. Nilidhani ameniletea kabati. Aliinunua Kigoma, kwa padri mgeni aliyekuwa anarudi kwao: mashua ndogo ya mvule, ya tanga moja, iliyoundwa na mafundi wa ufukweni kabla sisi hatujazaliwa. Yeye ni mzaliwa wa ziwani. Alikuwa ameapa kwamba siku akistaafu ualimu atalipandisha tanga lake mwenyewe. Nasema kweli, niliionea wivu mashua ile.

Tuliiweka nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Kiangazi kikaiumiza. Mbao zilikauka, zikaachana hata ukawaona kuku wakipita upande wa pili. Kila jioni mume wangu aliikalafati, akishindilia pamba kwenye mianya, na kila asubuhi mwanya mwingine ulimcheka. Niliogopa ndoto yake itaozea pale pale, machoni petu.

Siku moja jirani yetu, bibi wa Kiha mwenye sauti ya kengele, akapiga hodi.

“Mwakeye, mwalimu. Naomba mniazime ubwato.”

Mume wangu alijua ubwato ni chombo cha majini. Akafurahi mno.

“Chukua, mama! Lakini utaupeleka wapi?”

“Siupeleki. Hapo hapo panatosha.”

Tukacheka, tukaenda zetu harusini Kibondo.

Kumbe kwa bibi yule ubwato ni pia gogo lililochongwa la kukamulia ndizi za pombe. Tuliporudi, wanawake walikuwa wamejaa ndani ya mashua, wameitandika majani ya migomba kuziba mianya, wanakamua na kuimba. Mume wangu aliketi kwenye nyasi kama aliyefiwa. Mimi nikamfokea bibi kwa maneno yote ya Kiha niliyoyajua, nayo ni machache. Akanijibu bila haraka, “Si mlisema chukua?”

Tulisema.

Hatukuwa na uso wa kumkataza. Kila ndizi zilipoiva alikuja kukamua, na akimaliza aliijaza mashua maji ya kuisuuza, akayaacha yalale humo. Mwanzoni yalichuruzika chini kama kwenye chujio. Baadaye yakawa yanadondoka. Kisha yakakoma. Mbao zilikuwa zimekunywa, zimevimba, zimebanana. Mume wangu alizipapasa zote, akaja jikoni akanishika mikono yangu yenye unga.

Alipostaafu tuliishusha Kigoma. Tukaingia ziwani, tanga limejaa upepo, mimi nimeng’ang’ania ubao kwa kucha zote. Halikuingia hata tone. Mashua nzima ilinuka pombe ya ndizi. Akampigia bibi simu.

“Mama, hauvuji! Ubwato hauvuji!”

“Vizuri, mwanangu,” bibi akajibu. “Ndizi zimeiva. Mnaurudisha lini?”

Mume wangu alicheka huku anafuta machozi. Kisha akageuza mashua kuelekea ufukweni, akaniuliza kama bado nina namba ya mwenye lori.