Kampuni Inavuta Pumzi

Mwaka ule nilikuwa na riwaya isiyokwisha na kodi ya chumba Tangini isiyosubiri, nikakubali kuandika barua ya mwaka kwa wanahisa wa kiwanda kimoja cha kusindika muhogo. Meneja alinionya: neno hasara lisionekane. Nikaandika kwamba kampuni, baada ya kupanda kilima kirefu, imeketi kivulini ivute pumzi, macho yake yakiutazama upeo wa mbali. Sentensi ile niliisoma kwa sauti mara tatu, peke yangu chumbani, nikatamani ingekuwa kwenye riwaya.

Haikupita wiki, shangazi akapiga simu kutoka Marui. Ana hisa chache pale kiwandani. Ameuza korosho, barua imemfikia, anataka kujua aongeze hisa au aezeke nyumba kwa bati. Macho yake hayaoni maandishi madogo, niende nikamsomee. Sikumwambia ni nani aliyeandika.

Nilimkuta barazani anapepeta mchele. Shangazi ndiye anayeitwa kila posa inapoletwa kwenye ukoo wetu, kwa kuwa hakuna mshenga aliyewahi kumzunguka. Nikasoma kwa madaha. Nilipofika kwenye kivuli, ungo ukasimama.

"Hebu rudia hapo."

Nikarudia polepole, nikidhani amependa.

"Mshenga akiniambia kijana wake ametulia kidogo, anavuta pumzi, mimi namuuliza: ameachishwa kazi tangu lini?"

Nikajaribu kuutetea upeo. Akasema huo ndio unaomtia shaka zaidi, maana mposaji mwenye nyumba huitaja nyumba. Lakini aliyeandika anaonekana amesoma, akaendelea, na mtu aliyesoma hawezi kukaa kitako akamdanganya mama mzima. Labda aongeze tu hizo hisa. Akanitazama.

"Wewe mwanangu unasemaje?"

Nusu ya malipo yangu ilikuwa bado kwa meneja. Nikaitazama barua, nikautazama ungo.

"Kampuni imepata hasara," nikasema. "Na barua nimeandika mimi, shangazi."

Alicheka mpaka mchele ukamwagika mkekani, kuku wakaja mbio. Alipomaliza kuwafukuza, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Maneno matatu tu, na umenichosha karatasi mbili nzima."

Kisha akanipa simu yake nimtafutie fundi wa bati, akasisitiza niongee naye kama watu wanavyoongea.