Mkono wa Sanduku 317

Bi Mwanaesha Zubair huwajua watu wa Voi kwa mikono. Aliajiriwa posta mwaka ule shirika la posta na simu lilipogawanywa, barua na simu kila moja ikashika njia yake, na tangu hapo amesimama nyuma ya ukuta wa masanduku, upande ulio wazi, akipanga barua. Mwenye sanduku hufungua kwa mbele. Mkono huingia, ukapapasa, ukatoka. Uso hauonekani. Ameona pete zikivaliwa na zikivuliwa, na mikono ya mafundi ikianza kutetemeka. Simu zimepunguza barua, lakini vifurushi na vyeti havijui kupita hewani, naye huvipanga kwa upole wa mtu anayelaza mtoto.

Jumatano moja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi alirudisha taarifa ya barua ya rejista aliyoikuta kwenye sanduku lake, namba 317. Si yake, alisema. Bahasha yenyewe iliandikwa Lois Muli, S.L.P. 317, Voi, na mgongoni karani wa chuo alikuwa ameongeza: cheti halisi, usaili wa wauguzi Mwatate, Ijumaa saa tatu asubuhi. Walipiga namba ya simu iliyoandikwa. Haikupatikana. Josephat wa kaunta akachukua muhuri wa kurudisha barua ilikotoka, na kwa kanuni hakukosea.

Bi Mwanaesha akamwomba angoje. Kosa hili alilijua. Huku watu hushika namba ya sanduku kama jina la ukoo. Sanduku likisharudishwa, namba hubaki kwenye fomu za watoto miaka na miaka. Zamani 317 lilikuwa la ranchi moja ya Kishushe, na mkono uliolifungua ulikuwa na vidole vinne. Mlinzi, jina lake Muli. Alibeba barua za nusu ya kijiji.

Alhamisi mkono wenye vumbi la chaki uliingia kwenye sanduku la shule ya Kishushe. Bi Mwanaesha akaukamata.

"Mwalimu Festus, ni mimi, Mwanaesha."

Sauti ikaja kutoka upande wa pili: "Mama, roho imenitoka."

"Itarudi. Muli wa vidole vinne yu hai?"

Yu hai, na bintiye yuko nyumbani akisubiri cheti bila kujua kimefika. Gari la kurudi huko lilikuwa moja tu, saa sita. Festus akajitolea kuibeba barua mwenyewe.

"Hapana, mwanangu. Hii hutoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwake. Aje na kitambulisho, kesho saa mbili."

"Na akikosa gari?"

"Mwambie babake. Huyo hakuwahi kukosa siku ya barua."

Ijumaa posta ilifunguliwa saa mbili kamili. Hakuna mtu. Ilipopita dakika ya kumi, Bi Mwanaesha aliacha kupanga barua akaja kusimama kaunta, jambo asilolizoea. Saa mbili na robo pikipiki ilisimama nje, nyekundu kwa vumbi kama waliokuwa juu yake. Akaingia mwanamke kijana, na nyuma yake mzee ambaye uso wake haukumwambia Bi Mwanaesha kitu chochote. Mzee akaweka mkono juu ya kaunta. Vidole vinne.

"Mzee Muli," akasema Bi Mwanaesha. "Tumejuana miaka mingi bila kuonana."

Lois alitia sahihi huku mzee akijilaumu: ni yeye aliyemfundisha binti namba ile tangu darasa la kwanza, na kichwani haikutoka.

"Hata kwangu haikutoka," akamjibu Bi Mwanaesha. "Kimbieni."

Miezi miwili baadaye sanduku 526 lilipata mwenyewe. Mkono ulioingia ulikuwa umesuguliwa vizuri, kucha zimekatwa fupi kama za wauguzi. Ulipapasa, haukukuta kitu. Kabla haujatoka, Bi Mwanaesha aliugusa.

"Bado hujaandikiwa, sista."

"Najua, mama. Nimekuja kukusalimu."