Maji Yaliyorudi Chini ya Daraja

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Fundi Mkuu wa Madaraja pale Mpanda alinikabidhi brashi na kopo la rangi nyeupe, tukaenda mtoni. "Mkaguzi haanzi na daraja," aliniambia. "Anaanza na maji." Akanifundisha kuchora alama ya maji, yaani mstari kwenye nguzo unaoonyesha mafuriko yalipofika. Kwetu mstari ule ulichorwa mara moja kwa mwaka. Mvua zikiisha mto hukauka, nawe unashuka kukagua kitako, yaani sehemu ya nguzo inayozama ardhini, bila haraka yoyote. Nilifanya hivyo Usevya, kisha Kibaoni, nikajiona bingwa.

Ndipo Mhandisi wetu akanituma pwani pamoja na Masanja, Msukuma mcheshi niliyeanza naye kazi, tukajifunze kwenye daraja la kale lililokatiza mkono wa bahari.

Nilipoliona nilivua kofia. Mawe yake yalichongwa kwa mikono ya watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa, na chumvi ilikuwa imeshindwa kuyang'oa. Watoto walijirusha majini kutoka ukingoni, vijana wakipitisha wageni chini ya matao kwa mitumbwi. Nilifikiria mito yote niliyowahi kukagua. Yote ingemwagika pale, na bahari isijue.

Masanja alionja maji, akatema. "Haya hata ng'ombe wangu angenishitaki!"

Asubuhi ya pili tulikuta maji yameondoka. Pamebaki mchanga mtupu, na wanawake wakiokota chaza.

"Kaka, fundi mwenyeji wetu wa hapa kasema tumsubiri," Masanja alisema.

"Maji yakishashuka yameshuka," nikamjibu. "Twende tukaone vitako."

Alitangulia yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa nakunja suruali. Tulifika nguzo ya nne, tukasahau dunia, tukipapasa mawe kama vipofu. Maji yalirudi bila kelele, yakitokea nyuma yetu.

"Nyie watu wa bara!" mama mmoja alipiga kelele. "Maji yanajaa! Mnangoja yawabebe?"

Nilikimbia. Masanja, ambaye hakujua kuogelea, aliikumbatia nguzo hadi maji yakamfika kifuani, ndipo vijana wa mitumbwi wakamtoa, miguu imechanwa na magamba ya chaza. Nikiwa nimesimama ukingoni, niliona bahari ikipanda mpaka kwenye mstari wa kijani juu ya nguzo, ikakomea hapo hapo. Ilikuwa ikijichorea alama yake mara mbili kila siku, tangu enzi hizo, bila brashi ya mtu. Sijaona tena kitu kikubwa namna ile.

Tuliporudi Mpanda, Mhandisi aliuliza, "Nani aliamua mshuke?"

Masanja alinitazama. Nikasema, "Masanja alitangulia."

Aliondolewa kwenye ukaguzi, akapelekwa kuponda kokoto mpaka alipoacha kazi. Mimi nikapanda cheo, nikawa Fundi Mkuu.

Vijana mnaoniuliza siri ya kazi hii, jueni kwamba nilistaafu na sifa ambayo nusu yake ni ya mwenzangu. Baada ya kustaafu nilimfuata kwake Misunkumilo, nikamkuta akipalilia mahindi. Nikamwambia, "Masanja, mimi ndiye niliyesema tushuke."

Akaegemea jembe. "Mhandisi alishafariki, kaka. Sasa unamwambia nani?"

"Nakuambia wewe."

"Mimi?" alisema, akainama tena kwenye mahindi yake. "Mimi nilikuwepo."