Kafara ya Skuta

Chini ya kiti cha skuta ya Zaituni mna sanda, pamba, kafuri, sabuni na chupa ya maji ya waridi, vyote vimefungwa katika mfuko wa plastiki ili vumbi lisipenye. Watu wengine huweka helmeti humo. Helmeti yake hukaa kichwani, juu ya mtandio, na nafasi ile ni ya marehemu.

Yeye ndiye anayeosha maiti za wanawake wa Kiislamu mjini Machakos na pande zake. Waislamu huku ni wachache na wametawanyika, nyumba moja Kangundo, nyingine Kola, na familia za wauza ng'ombe upande wa Lukenya. Mwanamke akifa asubuhi huzikwa jioni, na wa kumwosha ni mwanamke mwenzake. Kazi yenyewe haina malipo. Kwa miaka mingi alikwenda kwa boda boda, na kila mpanda boda aliyemuuliza anakokwenda alijutia swali lake. "Mama, hiyo mimi sibebi," walimwambia. Siku moja mwili wa msichana ulimngoja Kola mpaka jua likatua. Zaituni alirudi nyumbani, akafungua kabati, akatoa bangili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mumewe.

"Bangili zilikuwa zimelala tu," aliwaambia waliomshangaa. "Skuta hailali."

Injini ya skuta ni ya cc mia na hamsini, ya kadiri. Si ndogo ya kukata pumzi mlimani, wala si kubwa ya kumshinda mama wa miaka hamsini akiisukuma. Lakini ina tumbo. Cherehani ya Zaituni, anayeshona nyumbani, ndiyo inayoilisha: sare za shule hununua petroli, mapazia hulipa bima, na nguo za harusi, Mungu akijalia msimu, huvalisha magurudumu mapya. Magurudumu hayo ni madogo na hayasamehe shimo hata moja. Vipuri vya boda huuzwa kila kona kama nyanya, ila vya skuta huagizwa Nairobi na kungojewa.

Fundi wake ni Masila, ambaye gereji yake ni mwembe wa jirani na turubai. Siku aliyofungua gurudumu la mbele akakuta breki zimekwisha kabisa, alisimama na kumtazama.

"Mwaitu," alisema, kwa jina ambalo Mkamba humwita mama, "wewe unazima injini ukiteremka?"

"Si kila mtu anazima?"

Kweli, kila mtu anazima. Kwenye milima hii wapanda boda hufika ukingoni, huzima, na huteremka kimya kama mwewe ili kubana petroli. Zaituni aliyaona hayo miaka yote alipokaa nyuma yao, akayachukua.

"Kila mtu ako na gia ya kushikilia pikipiki. Hii yako haina. Ukizima, breki ndio inabeba mlima wote. Acha injini iwake. Shika, achilia, shika, achilia. Hata breki inataka kupumua."

"Basi nimeunguza pesa nikidhani naziokoa."

"Umezikaanga. Na huu mkanda wa ndani, unaovuta gurudumu la nyuma, umeanza kupasuka. Tuagize?"

Pesa ya mkanda ilikuwa imekwisha kwenye breki. "Mkanda utangoja," Zaituni alisema.

Kaka yake Sharifu, muuza mabati na misumari karibu na soko, hakuipenda skuta tangu siku ya kwanza. Wateja walimtania: "Sharifu, dadako ametupita kwenye kona, buibui inapepea kama bendera!" Siku ya Idi, sinia la pilau likiwa katikati na ukoo mzima umelizunguka, alianza tena.

"Yule muuza ng'ombe, Abdiwahab, anaitaka, ampe mkewe. Muuzie kabla haijakulaza njiani na sanda mkononi. Mwanamke mzima!"

"Haijanilaza."

"Itakulaza."

"Wallahi," Zaituni alisema, uso umemchemka, "ikinilaza njiani hata siku moja, nitaiuza."

Sharifu aliweka glasi chini taratibu. "Mmesikia nyote."

Haukupita mwezi. Zaituni alikuwa Kangundo kupeleka mapazia aliposhika simu na kumsikia Safiya akilia. Mama yake, Bi Zamzam, amefariki. Atazikwa baada ya alasiri. "Shangazi, njoo. Alisema ni wewe utakayemwosha."

Bi Zamzam ndiye aliyemfundisha kazi hii. Ndiye aliyemshika mkono mara ya kwanza, akamwambia, mimina polepole, huyu bado ni mtu.

Zaituni aliondoka bila kunywa chai aliyomiminiwa. Karibu na kilele cha milima ya Iveti alisikia kitu kikichapa ndani, mara moja, kama mjeledi. Injini ikalia kwa nguvu, gurudumu halikuendelea. Mkanda ulikuwa umekatika.

Pale juu kulikuwa na boda moja tu, ya kijana aitwaye Kitheka.

"Imelala, mathe? Panda yangu, hii tutairudia. Unaenda wapi?"

Zaituni hakuwahi kusema uongo kuhusu kazi hiyo, hata siku uongo ungemfaa. "Kuosha maiti."

Kitheka alirudi nyuma hatua nzima. "Ai, mathe. Hiyo hapana. Lakini nikusukume hadi mteremko uanze."

"Sukuma basi."

Alimsukuma kwa nguvu za kijana mwenye haya, kisha mlima ukaipokea skuta. Sasa injini haikuwa na msaada wowote. Breki ndizo zilizobeba mlima wote. Shika, achilia. Zaituni alisimama kwenye kona pana mpaka harufu ya kuungua ikaisha, akaendelea. Upepo ulimjaa kwenye buibui. Mji ulikuwa chini pale, mabati yake yakimeremeta, na katika nyumba moja maji yalikuwa yakipashwa moto.

Mteremko ulipokwisha alishuka akasukuma. Njia ya kwenda kwa Safiya ilipita mbele ya duka la Sharifu, na Sharifu alikuwa mlangoni na wateja wake.

"Imekulaza!" alisema kwa sauti ya mtu aliyeingoja siku hiyo.

"Imenilaza," Zaituni alijibu, jasho likimtiririka puani. "Ama usukume, ama unipishe."

Sharifu alimpisha.

Alimwosha Bi Zamzam polepole, kana kwamba hakuja mbio. Kafuri, pamba, sanda. Alasiri ilipoadhiniwa, mwili ulikuwa tayari.

Kesho yake asubuhi Sharifu alifika nyumbani kwake pamoja na Abdiwahab, aliyekuja kununua. Skuta ilikuwa ukutani, imetapakaa vumbi.

"Uliapa kwa Mungu," Sharifu alisema.

"Niliapa, kisha nikaona lililo bora kuliko kiapo changu. Kafara ya kiapo naijua: kulisha maskini kumi. Mchele umekwisha kuchaguliwa."

"Unavunja neno lako mbele ya mgeni?"

"Navunja mbele yako, kaka, kwa sababu niliapa mbele yako. Hasira ndiyo iliyoapa. Siuzi."

Abdiwahab alikuwa ameinama akitazama mfuko chini ya kiti kilichofunuliwa. Zaituni alikwisha kurudishia humo sanda mpya.

"Hii ni nini?"

"Ya atakayefuata."

Abdiwahab alifunika kiti kwa mikono miwili. "Sharifu, mama yangu yuko Lukenya, na ni mzee. Mimi sinunui hii."

Masila, aliyekuwa ameitwa kupima mkanda, alichungulia sufuria ya mchele. "Mwaitu, mimi pia ni maskini. Niweke kwa hao kumi."

"Wewe umekwisha kula pesa za breki zangu. Pima mkanda."

Sharifu alibaki amesimama peke yake na ushindi wake. "Na ikikulaza tena?"

"Nitaisukuma tena," Zaituni alisema, akigeukia jiko. "Na ukiwa mlangoni, utanipisha tena."